Mama Ratiba na Nchi Tuliyoiita Maeneo ya Jirani

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi kamili alasiri, Msimamizi wa Ratiba ya Matangazo wa kituo chetu cha redio atafunga karatasi yake ya mwisho, ataiweka rula kwenye droo na kustaafu rasmi, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Sisi sote tunamwita Mama Ratiba. Jina lake la kwenye kitambulisho wengi wetu tulilijua juzi tu, tulipoulizwa liandikwe jina gani kwenye keki. Hata hapo ulizuka ubishi, ikabidi watu wa utumishi wafungue kabati la mafaili.

Nimepewa heshima ya kuandika wasifu huu wa jarida letu la ndani mimi, Mkuu wa Masoko, ambaye humu ndani mnaniita Kurasa Arobaini. Sababu ya jina hilo mtaikuta huko mbele. Wanaoijua wanyamaze kwanza. Niseme mapema kwamba pamoja na kumwaga sifa, nina kazi moja ya kufanya hapa. Katika faili la bodi kuna sentensi moja inayomhusu Mama Ratiba, na sentensi hiyo si ya kweli. Jumatatu ijayo bodi itakaa kuamua kwa mara ya pili kama tuingie katika nchi jirani, ile ndogo, na sentensi hiyo itasomwa mbele ya watu. Nataka ifutwe kabla mwenyewe hajatoka getini.

Lakini tuanze na mazuri, maana ni mengi.

Mama Ratiba aliingia kituoni akiwa mpiga chapa. Kazi yake ilikuwa kunakili ratiba, yaani ile karatasi inayosema dakika kwa dakika kitu gani kitasikika hewani: habari, wimbo, tangazo la sabuni, salamu. Hakutakiwa kuielewa, alitakiwa kuipiga chapa tu. Wiki ya tatu akaona kwamba tangazo la fundi wa majeneza limepangwa katikati ya kipindi cha afya ya wazee. Akaibeba karatasi hadi kwa bosi wake na kuuliza, kwa adabu zote, kama kituo kinawatibu wazee au kinawasindikiza. Inasemekana bosi alicheka hadi akavua miwani. Mwezi ulipokwisha, mpiga chapa alikuwa amehamishiwa dawati la ratiba, na hapo ndipo alipokaa hadi leo.

Mnamjua anavyofanya kazi. Kila tangazo jipya hulisikiliza akiwa amefumba macho, ameegemea kiti, hata likiwa la dawa ya mende. Akifumbua macho analisema: hili la asubuhi, hili la jioni, hili lirudishwe lina kelele. Matangazo ya vifo hayafuatanishi na ya biashara hata siku moja. Baada ya jina la marehemu wa mwisho huacha dakika moja ya muziki wa taratibu, ndipo soda na mabati viendelee. Sisi wa masoko tuliiita dakika ya bure. Mimi binafsi niliwahi kumpelekea barua nikiomba niiuze. Aliirudisha barua yangu ikiwa imesahihishwa makosa ya uandishi kwa kalamu nyekundu, na jibu hakuandika.

Na karatasi yake hufungwa saa kumi alasiri. Inabeba kila kitu kuanzia jioni ile hadi asubuhi ya kesho yake, maana mchana una karatasi yake, na ikifungwa imefungwa. Mkurugenzi mmoja aliyepita aliwahi kupanda ngazi saa kumi na dakika tatu, mkononi ana salamu za harusi ya shemeji yake. Mama Ratiba alimpa kiti, akammiminia chai, akamwambia ndoa njema haiharibiki kwa salamu za kesho. Mkurugenzi akanywa chai, akashukuru, akashuka. Ndoa hiyo, kwa taarifa yenu, ipo na ina watoto wanne.

Sheria hiyo ina mlango mmoja wa nyuma, na ni muhimu muujue. Kama tangazo limefika kituoni kabla ya saa kumi, halafu likacheleweshwa na mmoja wetu humu ndani, Mama Ratiba huifungua karatasi. Husema kosa la wenyeji halibebeshwi mgeni. Unachotakiwa ni kumwambia ukweli tu: lilifika saa ngapi, na lilikaa kwa nani. Utakaripiwa, tena utakaripiwa vizuri, halafu ataifungua na yatakwisha. Hakuna hata mmoja aliyewahi kushtakiwa kwa bosi kwa sababu ya kusema kweli kwenye dawati lile.

Nyumbani kwake kuna redio kila chumba, bafuni pia. Mume wake, mwalimu mstaafu mwenye utani wa kimyakimya, hupenda kusema kwamba katika nyumba ile yeye ni mume mdogo, mume mkubwa ni redio. Binti yao ni muuguzi. Alipokuwa mdogo alidhani mama yake ndiye anayeamua saa ya mvua kunyesha, kwa sababu utabiri wa hali ya hewa ulitoka kwenye karatasi ya mama.

Na hapo kwenye utabiri wa hali ya hewa ndipo nchi jirani inapoingia.

Miaka yote tulimaliza utabiri wetu kwa maneno “na maeneo ya jirani.” Nchi nzima, yenye bunge lake na bendera yake, sisi tuliimaliza kwa maneno hayo manne. Mawimbi yetu yalivuka mpaka yenyewe, watu wa kule wakatusikiliza, wakatuletea salamu. Miaka sita iliyopita nikaona fursa. Nilikuwa ofisa masoko kijana, suruali imepigwa pasi hadi inakata, nikaandika pendekezo la kurasa arobaini: tukodi nafasi kwenye mnara wa kule, tupange ofisi ya vyumba viwili, tuajiri watu wawili wa kupokea matangazo, na mengine yote yafanyike huku huku. Jamani, lilikuwa pendekezo zuri! Hata leo sioni haya kusema hivyo. Wafanyabiashara wa kule walitutaka. Vijana wa kule walizipenda sauti zetu. Nchi yenyewe ni ndogo, mtambo mmoja unaifunika yote. Ukurasa wa thelathini na nane ulitaja vyeo viwili vipya: mimi niwe Meneja wa Kanda, na Mama Ratiba awe Mkuu wa Ratiba wa nchi mbili. Cheo cha ukuu alikuwa amekisubiri miaka ishirini, na mara mbili kilipita juu ya kichwa chake kikatua kwa watu aliowafundisha kazi yeye mwenyewe.

Kwenye kikao aliuliza swali moja tu: watu wa kule wakifiwa, wanatangaziwa na nani? Nikamjibu haraka kwamba wana redio yao ndogo, wafanyakazi saba, inasoma vifo muda wowote, hata kwa kukata wimbo katikati. Watu wakacheka. Nikaongeza kwamba sisi tutawawekea utaratibu wa kistaarabu: saa saba mchana na saa moja usiku. Akaandika jibu langu kwenye daftari lake, wala hakucheka.

Majaribio ya miezi sita yakaanza, na yakaenda kama maji ya mtelemko. Mwezi wa tatu ile redio ndogo ikazidiwa. Wasikilizaji wote walikuwa kwetu, nayo ikapunguza saa zake, ikabaki kusikika asubuhi tu. Mimi niliandika habari hiyo kwenye ripoti chini ya kichwa cha habari “Mafanikio.” Sikufikiri kwamba kuanzia siku hiyo, mtu wa kule akifiwa baada ya saa sita mchana, mlango wa kubisha ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa wetu.

Sasa nifike kwenye Jumatano ile.

Mwanamke mmoja wa kule alifariki alfajiri. Mazishi yalipangwa kesho yake saa nane mchana. Mtoto wake wa kwanza ni dereva wa lori, alikuwa safarini, na simu yake ilikuwa imeharibika tangu juzi yake. Ndugu zake hawakuhangaika sana, kwa sababu walijua anasikiliza redio yetu tangu anapowasha gari hadi anapolizima. Wakaandika tangazo wakalipeleka kwenye ofisi yetu ya vyumba viwili. Dada wa mapokezi wa kule akalituma huku saa tisa na dakika ishirini, kabla kabisa ya muda. Kwa utaratibu wa kawaida lingeingia kwenye karatasi ya jioni, lingesomwa saa moja usiku.

Kwenye faili la bodi imeandikwa kwamba tangazo hilo lilipokelewa saa kumi na dakika kumi, likakuta ratiba imefungwa, likasogezwa hadi kesho yake saa saba mchana. Dereva alilisikia akiwa kwenye kituo cha mafuta, mwendo wa saa tisa kutoka kwao, mama yake amebakiza saa moja kuzikwa. Jumatano ile saa moja usiku alikuwa ameegesha kwenye mizani ya magari, saa mbili tu kutoka nyumbani, anatusikiliza. Alisikiliza vifo vyote hadi mwisho, cha kwao hakikuwemo, akawasha gari akazidi kwenda mbali.

Wiki iliyofuata alikuja hapa. Wengi mnamkumbuka, mwanamume mrefu aliyekaa mapokezi na kofia mapajani. Hakupiga kelele. Alitaka kumwona anayepanga ratiba. Mama Ratiba alishuka mwenyewe, akakaa naye, akamwambia kwamba tangazo lilimfikia dakika kumi baada ya kufunga, kwamba angeweza kuifungua karatasi na hakuifungua, na kwamba anaomba msamaha. Kisha akaomba likizo, akapanda basi, akaenda kwenye kaburi la mama wa watu.

Aliporudi, alikuja ofisini kwangu na kufunga mlango. Kule alikuwa amepita kwenye ofisi yetu na kuomba daftari la matangazo yaliyotumwa. Aliweka nakala ya ukurasa mmoja mezani kwangu, kidole chake kikiwa kwenye saa tisa na dakika ishirini.

Kila kitu kutoka nchi ile kilikuwa kinapitia kwangu. Huo ulikuwa utaratibu nilioubuni mimi, ukurasa wa kumi na mbili, kwa sababu nilitaka kila jema la kule lionekane limepita mkononi mwangu. Tangazo lile lilifika kwangu mapema. Nililiona. Nilikuwa natengeneza picha za kuionyesha bodi jinsi majaribio yalivyofana, nikadhani ni lile la sabuni tulilokuwa tunalisubiri, nikaliacha. Nilipolifungua ilikuwa saa kumi na dakika tisa. Nikapanda ngazi mbio. Mama Ratiba alitazama saa ya ukutani, akaniuliza limefika saa ngapi. Nikamwambia limeingia sasa hivi.

Basi, ndiyo hiyo. Maneno mawili, “sasa hivi,” na niliyasema ili nisikaripiwe dakika moja. Ningesema kweli angeifungua karatasi, na yule bwana angemzika mama yake.

Mbele ya ile nakala nililia, sitawaficha. Nikamuuliza ataiambia nini bodi. Akanijibu, “Mwanangu, wakikufukuza wewe watasema tatizo limeondoka, wataleta mwingine na kurasa zake arobaini. Mimi sitaki waseme tatizo limeondoka.” Nikamwambia basi niseme mwenyewe. Akanikataza, tena kwa ukali wa mzazi, ule ambao mtu mzima na ndevu zake anajikuta amesema ndiyo mama. Nami nikakubali upesi, kwa sababu lilikuwa katazo lililonifaa.

Kwenye bodi alisema kosa ni la dawati lake. Halafu akasema lile alilokwenda kusema: kwamba hatustahili kuingia katika nchi ya watu ikiwa msiba wao lazima usubiri mtu wa nchi nyingine apate nafasi ya kuusoma. Ama karatasi ya kule ipangwe kule, na watu wa kule, ama tutoke. Mwenyekiti wa bodi alikasirika. Kupanga ratiba kule kungeharibu hesabu zote za kurasa zangu. Wakachagua kutoka. Katika faili wakaandika hivi: “Majaribio yalisitishwa kutokana na uzembe wa dawati la ratiba.” Mama Ratiba akapewa barua ya onyo, ya kwanza na ya mwisho katika miaka thelathini na mitatu. Cheo kikafa. Ukubwa ni jalala, husema wenyewe, na yeye alikubali kutupiwa taka ambazo mtupaji alikuwa mimi. Miaka miwili baadaye mimi nikapandishwa kuwa Mkuu wa Masoko, naye akaja kunipongeza.

Mnajua hata baada ya hapo alivyoendelea. Alifika saa moja na nusu asubuhi kama kawaida, akafumba macho akasikiliza matangazo ya dawa ya mende. Alibadilisha jambo moja tu: aliwaendea wasomaji wa hali ya hewa na kuwaomba wawe wanaitaja ile nchi kwa jina lake, pamoja na miji yake mitatu. Wakabisha kwamba inakula sekunde kumi na moja. Akawapa hizo sekunde kutoka kwenye muda wa matangazo yangu.

Sasa pendekezo limerudi. Si kurasa zangu, ni za mtu mwingine, ila zinafanana kama mapacha. Ukurasa wa kwanza unasema kwamba kikwazo cha awali kilikuwa dawati la ratiba, na kwamba kwa kuwa msimamizi wake anastaafu na mfumo mpya wa kompyuta unakuja, kikwazo hicho hakipo tena. Mstari huo niliusoma mara tatu. Mama Ratiba huona mbali, lakini hapa hakuona: hakutaka wapate mtu wa kumbebesha tatizo likaondoka naye, na mtu waliyempata ni yeye.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Miaka sita nimekuwa nikimsalimia kwenye ngazi nikiangalia viatu vyake. Kwa hiyo Jumamosi iliyopita nilipanda basi lile lile alilopanda yeye, nikavuka mpaka, nikamtafuta yule dereva. Nilimkuta anabadilisha tairi. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, naye aliendelea kukaza nati hadi ya mwisho. Kisha akafuta mikono, akasema madereva hushauriana kawia ufike, naye alikawia na hakufika. Mimi, alisema, nimekawia, lakini angalau nimefika. Hakunipa mkono. Akaniuliza kama yule mama anajua kwamba nimekuja. Nikasema hajui. Akasema basi nikamwambie na wenzangu, tena nisimwambie pembeni.

Ndiyo maana nawaambieni hapa, kwenye karatasi iliyowekwa juu ya kila kiti katika ukumbi huu wa kumuaga, cha Mwenyekiti wa bodi kikiwemo. Mhariri wa jarida ameniuliza mara mbili kama nina hakika. Ninayo. Barua yangu ya kueleza haya, pamoja na ile nakala ya daftari, imo kwenye faili tangu jana, na bodi iniamulie itakavyo.

Kuhusu nchi jirani, nikiulizwa, safari hii nina ukurasa mmoja. Sisemi tusiende. Watu wa kule walitupenda, na huenda bado wanatupenda. Twende kama ratiba itapangwa kule, na mtu wa kule mwenye uwezo wa kuifungua bila kumpigia simu yeyote huku. Twende kwa kushirikiana na ile redio ndogo ya watu saba, ambayo tangu tuondoke imerudi kusikika mchana kutwa na bado inakata nyimbo katikati. Kama hayo yanatushinda, tubaki kwetu, wala si aibu. Udogo wa nchi si sababu ya kuifanyia kazi ya nusu siku.

Mama Ratiba hajui kwamba nimeandika haya. Ninavyomfahamu, ameshafika kwenye aya hii kabla ya hotuba ya kwanza, ameshika kalamu nyekundu, na amekasirika. Mama, karipia, nipo safu ya pili kushoto. Lakini hili sikutii.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote tunakushukuru kwa miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya kutufundisha kwamba upande wa pili wa redio kuna mtu. Mwalimu, tunamrudisha kwako mkeo, mgawane vyumba na redio kwa amani. Nawe Mama, afya iwe njema, wajukuu wakuchoshe kwa raha, na Mungu akupe siku nyingi zisizo na haraka.

Na katika faili, kuanzia leo, isomeke hivi: tangazo lilifika kituoni saa tisa na dakika ishirini. Lilikaa mezani kwa ofisa masoko dakika hamsini. Alipoulizwa, alidanganya. Dawati la ratiba halikuwa na kosa lolote.